Damu ikivilia, maji ya moto yasubiri

Mtu akianguka na bodaboda akainuka bila jeraha la wazi, au mtoto akijigonga paja kwenye kona ya meza, nyumba nyingi za kwetu zina jibu moja: injikeni maji. Punde kitambaa kinachovywa kwenye maji ya moto yenye chumvi, kinakamuliwa, na mkono wenye nguvu unakanda palipovimba ili damu isivilie. Wengine huongezea dawa ya kuchua, mafuta ya karafuu au binzari iliyopondwa. Mkono huo ni wa upendo, na desturi yenyewe ina heshima yake, maana ni kwa kukandwa ndiko mzazi hupokewa akishajifungua. Hata hivyo, saa za kwanza baada ya pigo ndizo saa mbaya kuliko zote za kukanda. Nasema pia kwamba kipimo tunachokitumia kuzipima tiba hizi hakifai. Tumezoea kuuliza ni dawa gani iliyomponya fulani, ilhali damu iliyovilia, mara nyingi, hupona bila dawa yoyote. Swali la haki ni dawa ipi inayoweza kumdhuru, na ipi inayoweza kuficha ugonjwa ulio chini yake.

Pigo hupasua mishipa midogo ya damu chini ya ngozi huku ngozi yenyewe ikibaki nzima. Damu humwagika kwenye nyama iliyo karibu, hukosa pa kutokea, huganda papo hapo. Mwili haungoji kuambiwa: seli za ulinzi huanza kumeza chembe nyekundu zilizomwagika na kuivunja himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, hatua kwa hatua. Palipokuwa pekundu huwa zambarau au peusi, kisha kijani kwa sababu ya biliverdini, kisha njano ya bilirubini, ambayo ndiyo inayoyafanya macho ya mgonjwa wa ini kuwa ya njano. Kwenye ngozi nyeusi rangi hizi hazionekani vizuri, hivyo vidole huona kuliko macho: pana joto, pamevimba, pamekuwa pagumu, panauma pakiguswa. Kwa mtu mwenye afya, kazi yote hiyo huchukua wiki mbili hivi. Basi kila kitakachopakwa ndani ya wiki hizo mbili kitapewa sifa. Aliyefungwa majani ya mwarobaini, aliyekandwa kila jioni na aliyekaa tu bila kufanya lolote watapona kwa kukaribiana sana, na kila mmoja atakuwa na ushuhuda wake. Ndiyo maana kauli ya kwamba wazee wetu walikandwa na wakapona, ambayo ni kweli tupu, haithibitishi kwamba kukanda ndiko kulikowaponya.

Kosa hili la kuhesabu si la Waafrika peke yetu. Ulaya wameitumia arnika, mmea wa milimani wenye maua ya njano, kwa karne nyingi, na hadi leo maduka ya dawa yamejaa vidonge na marhamu yake. Mwaka 2003 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio ambalo wagonjwa wa upasuaji wa mkono waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa vidonge vya arnika vya homeopathia (arnika iliyozimuliwa mno) na wengine vidonge visivyo na kitu. Tofauti ya maana haikuonekana, si katika maumivu wala katika kuvilia. Mwaka 2010 jaribio jingine dogo lilionyesha kwamba marhamu yenye arnika nyingi ilifanya alama zilizosababishwa na leza zififie upesi kiasi. Mmea ni uleule, lakini dawa mbili tofauti zilitoa majibu mawili tofauti, na hakuna ushuhuda wa jirani ambao ungeweza kuyatenganisha. Kitengo cha tiba asili pale Muhimbili kilianzishwa mwaka 1974, kwa hiyo binzari yetu na karafuu zetu hazikosi mahali pa kupimwa kwa namna hiyo. Kuzipima ni kuziheshimu.

Turudi kwenye maji ya moto, kwa kuwa hapo ndipo madhara yalipo. Joto hutanua mishipa ya damu. Mshipa uliopasuka nusu saa iliyopita bado unavuja au ndio kwanza umeziba. Ukiupasha moto, unauongezea damu ya kumwaga. Mkono unaokanda kwa nguvu unauvunja utando mchanga wa damu iliyoganda, na uvimbe uliokusudiwa kuzuiwa unakuzwa. Kwenye misuli minene kama ya paja, kuchuliwa mapema baada ya pigo kubwa ni miongoni mwa mambo yanayohofiwa kusababisha mfupa kuota ndani ya msuli, hali inayoweza kumweka mchezaji nje kwa miezi. Kwa sababu hiyo madaktari wa michezo huwakataza wachezaji joto, pombe, mbio na kuchuliwa kwa saa 72 za mwanzo. Kuchanja na kupiga chuku mahali palipovilia ni hatari zaidi: ngozi iliyokuwa imesalimika inafunguliwa, na wembe usio safi unaweza kuingiza pepopunda. Zile dawa za kuchua zenye mentoli humfanya mtu ahisi ubaridi, ila nyama iliyo chini haipoi. Maji ya vuguvugu yana siku yake. Uvimbe ukishatulia, baada ya siku tatu hivi, kitambaa chenye joto la kiasi hulegeza misuli na kusaidia damu kuzunguka. Ninachokataa ni kuyakimbilia siku ya kwanza.

Kuna watakaosema hata madaktari hawana msimamo. Wana sababu. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, ambaye mwaka 1978 alieneza kanuni ya kupumzisha kiungo, kuweka barafu, kukifunga bandeji na kukiinua, mwaka 2014 aliandika kwamba barafu huenda ikachelewesha uponaji. Wapo wataalamu leo wanaoitumia kwa muda mfupi tu, kutuliza maumivu. Lakini ubishi wao unahusu barafu, kiasi chake na muda wake. Kubadili maoni kwao hakukuwarudisha kwenye joto na kukanda katika saa za mwanzo. Pingamizi zito zaidi ni la mtu asiye na friji. Huyo naye ana mtungi, na maji ya mtungi hupoa kwa sababu unyevu unaopenya udongo huchukua joto unapokauka. Kitambaa kilicholowekwa humo, kikawekwa bila kukandamiza kwa dakika kumi au kumi na tano, kikarudiwa mara kadhaa, kinatosha. Mguu uinuliwe juu ya mto. Hakuna gharama hapo, na kuni zimesalimika.

Jambo linalonigusa kuliko yote ni lile ambalo halitapona lenyewe. Mtoto wa kiume mmoja katika takriban 5,000 huzaliwa na hemofilia aina A, ambapo damu haigandi ipasavyo, na mara nyingi dalili ya kwanza ni madoa ya kuvilia anapoanza kutambaa. Akikandwa na kuchanjwa kila yanapotokea, anaumizwa huku ugonjwa ukiendelea kufichika. Homa ya dengue, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hushusha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na mtu huweza kuvilia bila kupigwa. Mzee anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, huweza kuvilia kwa kugongwa kidogo tu. Akipakwa dawa ya kuchua yenye methili salisilati kwa wingi, dawa hiyo huweza kuifanya warfarini iwe kali zaidi. Paja au mguu uliokaza kama ubao, maumivu yakizidi kila saa na vidole vikifa ganzi, huenda una shinikizo linalokata damu ndani ya msuli, na hapo anahitajika daktari wa upasuaji usiku huohuo. Pigo la kichwa likifuatwa na kutapika au usingizi usio wa kawaida halina tiba ya jikoni.

Tena yapo yanayofichwa kwa makusudi. Mtoto mchanga asiyeweza hata kujigeuza hana njia rahisi ya kujigonga mwenyewe, kwa hiyo alama ya kuvilia kwake inataka maelezo na inataka daktari. Mwanamke aliyevilia jicho mara nyingi hukandwa na ndugu zake ili alama iishe kabla watu hawajauliza. Huruma hiyo humfutia ushahidi wake. Tanzania majeraha huandikwa kwenye fomu ya polisi ya PF3, na Kenya kwenye P3, nayo hupata nguvu daktari anapoyaona yakiwa bado mabichi. Wanaomtunza wamwekee kitambaa baridi wakiwa njiani kumpeleka, na siku aliyopigwa waiandike.