Tuacheni Tupande Kwenye Folda Yetu

“Weka neno la siri la msimamizi.” Unaijua hiyo sentensi. Umeketi kwenye kompyuta ya maktaba, ya chuo au ya kituo cha vijana, unataka kujifunza Python, mara dirisha hilo linachomoza. Msimamizi yuko wapi? Ametoka. Atarudi lini? Labda Jumatatu. Kwa kijana aliyepanda matatu kutoka Soin, kule chini kwenye joto na miwa, hadi Kericho mjini, Jumatatu ni nauli nyingine.

Tunaambiwa kufuli hilo ni la usalama. Sawa. Mashine inatumiwa na watu wengi, na virusi vya mmoja ni balaa kwa wote. Hakuna anayedai kila mtu apewe funguo za mfumo mzima.

Lakini kwani nani alisema kazi yetu inahitaji funguo hizo? Tangu toleo la 2.6, mwaka 2008, Python inakubali vifurushi vikae ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe. Tangu 2012 ina venv: unaandika python -m venv mradi, unapata chumba chako, unaweka unachotaka humo. Miniconda nayo inakaa kwenye folda yako bila kumsumbua mtu. Ukimaliza, futa folda. Mfumo haujaguswa.

Kwa hivyo tatizo si kufuli. Tatizo ni vituo vinavyotupa akaunti moja sote, vinavyofuta kila kitu mashine ikizimwa, na vinavyozuia programu yoyote kufanya kazi kutoka kwenye folda ya mtumiaji. Ati tutaharibu.

Kericho imeshasikia hiyo “mtaharibu.” Kampuni za Wazungu zilianza mashamba makubwa ya chai huku miaka ya 1920, na kwa miongo mitatu hivi Mwafrika alikuwa mchumaji tu. Kulima chai yake auze? Hapana, atashusha ubora. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndio ulifungua mlango, na KTDA ikaundwa 1964. Leo wakulima wadogo wanatoa zaidi ya nusu ya chai ya Kenya. Hawakuruka ua wa kampuni. Walipanda kwenye vipande vyao.

Folda yako ndiyo kipande chako. Ukizuiwa kupanda hapo, unabaki mchumaji: unajaza fomu, unachapa CV, unafungua programu walizotengeneza wengine. Halafu tunaimbiwa kazi za mtandaoni!

Tunataka mambo matatu, na hayahitaji tenda. Kila mtu awe na akaunti yake, na folda isiyofutwa usiku. Python iwepo, na iruhusiwe kufanya kazi humo. Na kwa zile programu chache zinazomhitaji msimamizi kweli, ubandikwe ukutani muda ambao anapatikana.

Nanyi wenzangu, acheni kuiba neno la siri. Mnawapa sababu bure, bana, na kazi nyingi haihitaji wizi huo. Ombeni folda, tena kwa maandishi, mbaki na nakala.

Kituo kikikataa hata hayo matatu, kijiite saiba. Jina la “kituo cha ubunifu” kiliondoe mlangoni.