Mashini bila shofere: rezo inaingia migodini, na kazi yetu je?

Katika mgodi wa zahabu wa Kibali, jimbo la Haut-Uele, kuna mashini zinazobeba mawe chini ya udongo bila mtu ndani. Anayeziongoza anakaa juu, mbele ya televizyo, na peke yake anaweza kuangalia mashini kadhaa. Kwa wakaaji wa Likasi, wanaoishi na shaba na kobalti, habari hiyo si ya mbali.

Inatendeka namna gani? Shimo la Kibali linashuka karibu mita 750, na GPS haifiki kule. Njo maana wanatundika antena kwenye kuta za njia za chini na kuziunganisha kwa waya mpaka juu. Mashini inapima kuta kwa leza ili ijue iko wapi, inatuma picha, inapokea amri. Rezo ikikatika, inasimama yenyewe. Mtu akiingia eneo lake, inasimama vilevile. Faida ni ya kweli: baada ya kulipua baruti, hakuna anayetumwa ndani ya moshi, na ekipe zikibadilishana kazi inaendelea.

Lakini rezo inataka umeme usiokatika. Kibali wamejenga vituo vitatu vya umeme wa maji: Nzoro II, Ambarau na Azambi. Huku kwetu, delestaji inajulikana na kila nyumba. Hiyo inaweza kuchelewesha mambo, si kuyazuia. Kule China, mwezi wa 5 mwaka 2025, mgodi wa makaa wa Yimin uliingiza kamyo 100 zisizo na shofere, zinazoongozwa kwa 5G, katika kariere ya wazi. Na kampuni nyingi zinazochimba Katanga zimetoka China.

Likasi haijasahau «départ volontaire» ya Gécamines, iliyoanza mwaka 2003. Watu zaidi ya 10,000 waliacha kazi, na familia nyingi zilibaki bila mshahara.

Leo tuko na chombo ambacho wazazi wetu hawakukuwa nacho. Kodi ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inalazimisha kampuni kusaini cahier des charges na wakaaji, tena kutoa 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Pale njo pa kuuliza: vijana wangapi watafundishwa kutunza antena na mashini hizo? Mashofere wa leo watapelekwa wapi? Maswali hayo yaulizwe mbele ya kusaini, maana kamyo ya kwanza ikishafika, hakuna atakayetuita mezani.