Dereva wa Tanki la Mafuta Alifundishwa na Nani?

Wasee, kila lori la mafuta likianguka nchi hii, mjadala ni ule ule: "Kwani hawa watu wa mitungi hawasikii?" Sachangwan, Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa. Malanga kule Siaya, Julai 2021, wakaenda 13. Watu walikuwa wanachota mafuta, moto ukawapata hapo hapo. Tuseme hivyo, na tuendelee kusema. Lakini kuna swali tunalikwepa: huyo dereva alifundishwa nini kabla ya kupewa hilo tanki?

Binamu yangu alianza kama tanboi wa lori la simiti, akapanda hadi usukani. Siku moja mdosi akampa funguo za tanki. Mafunzo? "Wewe si unajua kuendesha? Chukua uende." Basi. Hiyo ndiyo shule.

Shida ni kwamba simiti inakaa pale ulipoiweka. Mafuta yanatembea. Ukifunga breki ghafla, yanakimbia mbele na kusukuma lori hata kama limeshasimama. Ukikata kona kwa kasi, yanaegemea upande wa nje, na kwa sababu uzito wa tanki uko juu, lori linalala. Na usidhani tanki nusu ni nafuu. Ni mbaya kuliko lililojaa, maana mafuta yana nafasi ya kucheza. Zile kuta zenye matundu ndani ya tanki zinapunguza msukumo wa mbele na nyuma, lakini kwa kona hazikusaidii sana. Kwa hivyo mwendo unapunguzwa kabla ya kona. Ukishaingia, umechelewa.

Halafu kuna mteremko. Ule wa Sachangwan kushuka Salgaa kila dereva anaujua. Gia ndogo inaingizwa ukiwa bado juu, injini ndiyo ishikilie lori. Ukitegemea breki peke yake zinapata moto, zinaisha nguvu katikati ya safari. Na kuna wale wanaweka nyutro ati waokoe dizeli. Bana, hiyo dizeli ya lita chache inanunua nini?

Kitu kingine ambacho wengi hawaambiwi: tanki lililomwagwa bado ni hatari. Mvuke umebaki ndani, na cheche moja inatosha kulilipua. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kwa mtaro, unaenda kutafuta jiko la mtu mbali na pale lori lilipoanguka. Dereva anayejua hili, akianguka na bado ana nguvu, anazima injini, anafukuza watu mbali, na anasimama upande upepo unakotoka. Asiyejua anabaki hapo kulinda mzigo wa mdosi.

Najua kuna mtu ataniambia, "Mimi nina miaka 20 barabarani, sihitaji darasa." Heshima yako mzee wangu. Lakini miaka 20 ya kubeba simiti haikufundishi tabia ya mafuta. Mwingine atasema sheria ipo, lori kubwa mwisho ni kilomita 80 kwa saa. Kweli, lakini hiyo 80 ni kikomo cha barabara nzuri. Ingia nayo kwenye kona kali ukiwa na tanki nusu uone.

Sisemi madereva ndio wabaya. Mtu analipwa kwa safari, anaambiwa afike Busia leo na arudi Kisumu kupakia tena kesho. Atalala saa ngapi? Hiyo si bahati mbaya, ni mpango wa mtu aliye ofisini.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Mwenye lori alipie mafunzo ya tanki kabla ya kutoa funguo, si baada ya ajali. Dereva alipwe mshahara unaomruhusu kupumzika. Na akikataa kutoka kwa sababu breki ni mbovu au amechoka, asifutwe kazi. Mafunzo bila hiyo haki ya kukataa ni karatasi tu.

Madereva wa tanki, najua mko hapa. Nyinyi mlifundishwa na nani? Niambieni.