TAHARIRI: MTOTO SI GUNIA LA MACHUNGWA



Kila asubuhi pikipiki zinapita hapa ofisini kwenda shule: dereva mmoja, watoto watatu au wanne, na mdogo kuliko wote kakalishwa juu ya tangi. Mshikaki huo! Breki ikishikwa ghafla, wa kwanza kuumia ni yule wa tangini. Chungwa likianguka tunaokota. Mtoto je?

Kanuni za pikipiki za abiria za mwaka 2010 zilitamka wazi: abiria mmoja tu, na asiwe mtoto wa chini ya miaka 9.

Wengine watasema, "Zahanati mbali, mtoto ana homa usiku, nifanyeje?" Kweli, mama huyo hatumlaumu. Lakini shule si homa. Dharura ya usiku mmoja tusiigeuze mazoea ya kila siku.

Tunashauri hivi: watoto wadogo waende shule kwa miguu, kwa makundi, wazazi tupokezane zamu ya kuwasindikiza na kuwavusha barabara. Ikibidi kumkimbiza mgonjwa, mtoto asikae mbele. Akae katikati ya dereva na mzazi, kanga ikazwe isinaswe na mnyororo, miguu isiguse ekzosi, helmeti zivaliwe, mwendo uwe wa pole.

Tusiwalaumu madereva peke yao. Ni vijana wetu, na anayelipa nauli ya mshikaki ni mzazi.

Jamani, mkutano ujao wa wanachama tupange zamu hizo, siku hiyo hiyo.

Mhariri