Kiongozi, Rudisha Majibu

Huenda na wewe umechaguliwa kuongoza wenzako. Si lazima uwe mwenyekiti wa kijiji. Labda unaongoza watu kumi tu wanaolinda mashamba usiku. Huo nao ni uongozi, tena mgumu.

Katika vijiji vya Serengeti na Tarime vilivyo karibu na hifadhi, tembo huingia mashambani wakati mahindi na mtama vinakaribia kukomaa. Usiku mmoja unatosha kumaliza chakula cha mwaka cha nyumba nzima. Mtu mmoja hawezi kuwazuia. Kwa hiyo watu hukesha pamoja. Hupiga madebe, humulika tochi, huchoma pilipili iliyochanganywa na kinyesi cha wanyama ili moshi uwafukuze. Ni kazi ya hatari. Tembo huua.

Sasa tazama mambo yanavyokwenda. Usiku wa kwanza watu wote hutoka. Baada ya wiki mbili wamebaki watatu. Kiongozi husema, "Watu wa hapa ni wavivu."

Mimi sikubali. Mtu aliyelima kwa jembe tangu mvua za kwanza si mvivu. Amekata tamaa. Na mara nyingi kilichomkatisha tamaa ni ukimya wa kiongozi.

Watu waliuliza: Kwa nini fulani hajashika zamu hata mara moja? Fedha tulizochanga za betri ziko wapi? Waliopoteza mazao walipeleka habari ofisini, wakitumaini kile kifuta jasho kinachotolewa na Serikali. Kiongozi akasema atafuatilia. Mwezi ukapita, hakusema neno. Pengine alikwenda kweli, akaambiwa asubiri. Basi angerudi kusema hivyo! "Bado" ni jibu. Mtu akiambiwa "bado" anajua kwamba hajasahauliwa. Asipoambiwa kitu, anaanza kufikiri kwamba fedha zimeliwa.

Jambo hili si geni kwetu. Wakurya wana mkutano wao wa jadi, ritongo. Sungusungu ilipoenea Tarime katika miaka ya 1990 ili kuzuia wizi wa ng'ombe, watu walikutana namna hiyo, wakasemezana waziwazi. Nayo sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu. Lakini miezi mitatu ni mingi kwa mtu anayekesha na tembo. Kikundi chako kisemezane kila asubuhi, kabla ya kutawanyika.

Hapo mtaje kwa jina aliyefanya vizuri. Aliyesinzia zamuni, mwite pembeni. Usimwaibishe mbele ya wakwe zake. Wewe mwenyewe chukua zamu ya usiku wa manane, ile ambayo hakuna anayeitaka. Wakikuona huko, hutahitaji kupiga kelele.

Wasikilize pia kina mama. Wao ndio wanaolima na kupalilia mashamba hayo, na wanajua tembo walipitia wapi mwaka jana. Lakini mikutanoni wengi huketi nyuma, wakanyamaza. Usingoje wanyooshe mkono. Waulize.

Kesho asubuhi, watu wakiwa bado wamesimama na tochi zao mkononi, anza na lile la fedha za betri. Sema zilipatikana shilingi ngapi, zimetumika ngapi, zimebaki ngapi.