Gari za umeme: batri njo inabeba nguvu, lakini shofere njo anaamua kilometa

Kobalti inatoka hapa kwetu, Lualaba na Haut-Katanga. Miaka hii Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inaenda kutengeneza batri. Sasa gari zenyewe zinakaribia. Mwaka 2024 Ethiopia ilikataza kuingiza gari za watu binafsi za petroli na mazout. Kigali nako, tangu Januari 2025, moto mpya za kubeba abiria zinaandikishwa tu kama ni za umeme.

Kwetu watu wanaongea sana juu ya bei ya gari hizo, na juu ya mahali pa kuzichajia. Juu ya mtu mwenye atakamata usukani, wanaongea kidogo. Na yeye njo atafanya gari ifike ao ibaki njiani.

Kanuni za zamani bado zina kazi

Uingereza, polisi walianza kufundisha uendeshaji wa hali ya juu katika miaka ya 1930. Mwaka 1955 mafundisho hayo yalitoka katika kitabu kinachoitwa Roadcraft, na mpaka leo kinatumika. Mpango wake ni wa hatua tano: kukusanya habari za barabara, kuchagua nafasi, kupanga mwendo, kuchagua vitesi, kisha kuongeza mwendo. Shofere anaangalia mbali, anapunguza mapema, anaingia kona gari ikiwa imetulia.

Gari za umeme karibu zote hazina vitesi vya kubadilisha wala ambreyage. Lakini hatua ile ya nne haipotei. Gari nyingi zinamwachia shofere achague nguvu ya freni ya moteri, ndogo ao kubwa. Anapaswa kuichagua mbele ya kona ao mteremko, hapana akiwa tayari katikati.

Freni yenye inarudisha umeme

Hapo njo kuna tofauti kubwa. Shofere akiinua mguu, moteri inageuka jenereta: inazuia gari, na ule umeme unarudi katika batri. Kwa gari ya petroli, kila mara unapofunga freni, nguvu ile inageuka moto katika freni na kupotea.

Lakini umeme haurudi wote. Sehemu inapotea njiani. Kwa hiyo shofere mzuri ni yule mwenye hahitaji kufunga freni kila wakati. Akiona mbele kamioni ya madini imepunguza, ao kizuizi cha péage, anaachilia mguu polepole tangu mbali. Mwenye anakimbia kisha anafunga kwa nguvu, anamaliza batri bure.

Tabia moja ya mashofere wetu itawagharimu: roue libre. Wengi wanapofika mteremko wanatoa vitesi, wanaacha gari ishuke yenyewe, wanasema wanachunga petroli. Hata kwa gari ya petroli ni hatari. Kwa gari ya umeme ni hasara mara mbili, kwani ukiweka kwenye N, moteri hairudishi umeme tena, na gari yote inategemea freni za kawaida.

Kuna mtego mwingine. Batri ikiwa imejaa kabisa, haina nafasi ya kupokea umeme. Shofere anatoka kuchaji usiku kucha, anakuta mteremko asubuhi, anainua mguu kama kawaida, na gari haizuii vile alizoea jana. Gari haijaharibika. Anapaswa kujua hilo mbele, na mguu uwe tayari juu ya freni.

Wakati wa mvua, kuinua mguu ghafla ni sawa na kufunga freni, hasa kwa matairi yale yanayovutwa na moteri. Kwenye matope ao lami yenye utelezi, mguu uinuliwe polepole. Na sababu freni za kawaida hazitumiki sana, diski zinashika kutu. Mara kwa mara, mahali ambapo hakuna mtu nyuma, azikanyage vizuri zisafike.

Mwendo, uzito na kimya

Mwendo ukipanda mara mbili, nguvu ya upepo inayopinga gari inapanda mara nne. Katika mji, kwa mwendo mdogo, gari ya umeme inafanya kilometa nyingi. Kwenye barabara ya kwenda Likasi ao Kolwezi, kwa kilometa 100 kwa saa, batri inashuka haraka. Shofere wa petroli akikosea hesabu anatafuta bidon kando ya njia. Huyu wa umeme anatafuta prize, na pengine kartye yote haina umeme siku hiyo. Kushuka mpaka 70 ao 80 kunaweza kumfikisha nyumbani.

Uzito nao uhesabiwe. Batri ya Nissan Leaf ya kwanza, gari iliyotoka mwaka 2010, ina karibu kilo 300. Tena moteri ya umeme inatoa nguvu yake mara moja, tangu gari imesimama. Mwenye anakanyaga kwa hasira atamaliza matairi, na siku ya mchanga atazungusha gari.

Halafu kimya. Katika njia zetu, mama anayeuza kando ya barabara, mtoto anayevuka, motari anayegeuka, wote wanatumia masikio. Ulaya, tangu Julai 2021, kila gari mpya ya umeme inapaswa kutoa sauti ikienda polepole. Gari za occasion za mbele ya hapo, nyingine hazina. Shofere ajihesabu kama mtu asiyesikika: apunguze karibu na soko na shule, asingoje watu wamkwepe.

Nani atafundisha?

Gari ikigongwa, ao ikifika garage, kuna nyaya za rangi ya orange. Hizo zinabeba karibu volti 400, wakati prize ya nyumbani ni 220. Fundi asiyefundishwa asiziguse, hata kama kontakti imezimwa.

Somo la siku mbili linatosha kumpa shofere mwenye permis misingi hii, kama auto-école zitakubali kuliweka. Wenye gari za taxi, wao njo wangepaswa kuliomba wa kwanza, maana batri ikimalizwa vibaya, gharama ni yao. Kobalti ilitoka kwetu bila watu wetu kujifunza kutengeneza batri. Kuziendesha, tunaweza kujifunza mbele gari hazijajaa barabarani.