Cecafa isisahau kombe lililoizaa

MASHABIKI waliokuwa uwanjani Machakos mnamo Desemba 2017 wangali wanaikumbuka fainali ile. Harambee Stars walitwaa Kombe la Challenge kwa matuta 3-2 baada ya sare ya 2-2, lakini wageni wao, Zanzibar, waliondoka na sifa tele.

Julai mwaka huo, visiwa hivyo vilikuwa vimepokonywa uanachama wa Shirikisho la Soka Afrika (CAF), miezi minne tu baada ya kuupata. Mlango uliosalia wazi ulikuwa wa Baraza la Mashirikisho ya Soka ya Afrika Mashariki na Kati (Cecafa).

Hapo ndipo ulipo uzito wa baraza hili lenye wanachama 12. Mizizi yake ni ya 1926, Kenya na Uganda zilipoanza kuwania Kombe la Gossage, lililotolewa na mwenye kiwanda cha sabuni. CAF yenyewe iliundwa 1957. Michuano hiyo iliitwa Challenge kuanzia 1967, na 1973 ikawa ya Cecafa. Kenya ilitamba kwa kulibeba kombe hilo mara tatu mfululizo, 1981 hadi 1983.

Leo fahari hiyo imefifia. Michuano haikuandaliwa 2014, Ethiopia ilipojiondoa kuwa mwenyeji, wala 2016 na 2018. Uganda iliilaza Eritrea 3-0 katika fainali ya 2019 jijini Kampala. Makala ya 2021 yakageuzwa kuwa ya vijana wasiozidi miaka 23, kisha 2022, 2023 na 2024 zikapita bila kipute cha timu kuu.

Ni kweli kwamba Cecafa haijalala. Huandaa mechi za kanda za kufuzu kwa mashindano ya CAF ya vijana na ya klabu za wanawake. Kazi hiyo ina manufaa, lakini ni kazi ya kutumwa. Challenge ni mali ya kanda yenyewe.

Kenya, Uganda na Tanzania zilipokabidhiwa uenyeji wa Kombe la Afrika la 2027, zilikuwa na nafasi nyingine za kucheza. Eritrea, iliyojiondoa katika mchujo wa Kombe la Dunia la 2026, haikuwa na anasa hiyo. Zanzibar hata mchujo wenyewe haiingii.

Viongozi wa Cecafa wakiiacha Challenge ife, wanyonge hawa ndio watakaokosa pa kuchezea. Baraza lisilowakutanisha wanachama wake wote uwanjani litabaki jina tu.